Afrika Kusini Inashinda, Lakini Nani Anashika Mlango wa Raga?



Juma lililopita tulikuwa watu sita kwenye nganda moja hapa Bunia, mbuzi ya kuchoma mezani, televisheni ukutani. Walikuwa wanarudisha mechi ya raga, ile ya Septemba 2025 ambapo Afrika Kusini waliwapiga New Zealand 43 kwa 10 huko Wellington, nyumbani kwao kabisa. Kwa historia yote ya All Blacks, hawajawahi kupigwa kwa tofauti kubwa kama ile. Rafiki yangu mmoja, mwenye lisansi ya sheria, akapiga meza: “Mambo yamegeuka! Raga sasa ni ya Afrika. Miaka kumi ijayo Wazungu watakuja kwetu kuomba.” Tukapiga makofi wote sita. Hata mimi nilipiga.

Lakini nikiwa kwenye moto narudi nyumbani, makofi yale yakaanza kuniuma. Nikajiuliza: hiyo “Afrika” tuliyoipigia makofi ni nani? Na ikiwa mizani imeanguka upande wetu, mbona mimi sioni kitu kikishuka kwenye sahani yetu? Andiko hili ni jibu kwa rafiki yangu. Ananifahamu, hatakasirika. Na nisikilizeni hata ninyi msiofuata raga, juu habari hii haiishii kwenye mpira wenye umbo la yai.

Nianze na haki yake. Uwanjani, ana ukweli mwingi. Kombe la Dunia la raga limechezwa mara 10 tangu 1987, na nchi zilizolichukua ni nne tu: Afrika Kusini mara 4 (1995, 2007, 2019, 2023), New Zealand mara 3, Australia mara 2, Uingereza mara 1. Ile fainali ya 2023 pale Paris iliisha 12 kwa 11. Kabla ya hapo, robo fainali dhidi ya Ufaransa waliipata kwa pointi moja tena, 29 kwa 28. Ekipe inayoshinda mechi kubwa namna hiyo kwa pointi moja moja haibahatishi. Inajua kazi yake. Katika fainali ile kocha aliweka benchi la wachezaji 8, na 7 kati yao walikuwa wale wazito wa mbele, mmoja tu wa nyuma. Watu wengi walisema ni wazimu. Nahodha Siya Kolisi, Mwafrika mweusi wa kwanza kuongoza Springboks katika mechi za mataifa, akainua kombe mara ya pili.

Kwa hiyo mtu akiniambia Afrika Kusini ndiyo ekipe ya kwanza ya kizazi hiki, mimi sina ubishi.

Ubishi wangu unaanza pale neno “Afrika Kusini” linapobadilishwa polepole kuwa “Afrika”. Tumezoea hiyo. Jirani akipata cheo, ukoo mzima unavaa suti. Lakini tuangalie ukoo wenyewe. Namibia ilienda kwenye kila Kombe la Dunia kuanzia 1999 hadi 2023, na katika miaka yote hiyo haijawahi kushinda hata mechi moja. Mwaka 2023 Ufaransa iliipiga 96 kwa 0. Kenya, ambao ndugu zetu wengi hapa wanaiona kama nchi ya raga, haijawahi kufika Kombe la Dunia la wachezaji 15. Julai 2022 ilifika kwenye mlango, fainali ya Afrika, Namibia ikaifunga 36 kwa 0. Na unajua fainali ile ya Afrika ilichezwa wapi? Ufaransa, katika mji wa Aix-en-Provence. Kombe la bara letu, tiketi ya bara letu, na mtazamaji wa Nairobi ao Kampala alipaswa kuwa na viza ili aione.

Kenya hao hao kwenye raga ya wachezaji saba walituonyesha kitu. Aprili 2016 walishinda mashindano ya Singapore kwa kuipiga Fiji 30 kwa 7 katika fainali, na Fiji miezi michache baadaye ndiyo ilichukua dhahabu ya Olimpiki. Siku ile kila mtu alisema ule ule msemo wa rafiki yangu: mambo yamegeuka. Leo iko wapi? Kwa msimu wa 2025-26 ngazi ya juu ya mashindano yale ilipunguzwa ikabaki na ekipe 8 tu, na Kenya ikajikuta ngazi ya chini. Kushinda siku moja ni jambo moja. Kuamua meza itakuwa na viti vingapi ni jambo lingine kabisa.

Hapo ndipo ninapomlaumu rafiki yangu, tena kama mtu wa sheria: ameangalia matokeo, hakuangalia katiba.

Katiba ya raga ikoje? Chama cha dunia, World Rugby, kinaamuliwa na Baraza ambalo kura zake hazilingani. Vyama vikubwa vya zamani vina kura tatu tatu: Uingereza tatu, Scotland tatu, Wales tatu, Ireland tatu, na kadhalika. Afrika Kusini pia ina tatu zake. Lakini Rugby Africa, shirikisho la bara zima, lina kura mbili. Nirudie polepole: Wales peke yake ina sauti kubwa kuliko shirikisho linalobeba Kenya, Uganda, Zimbabwe, Namibia, Madagascar, Senegali, na hata sisi Kongo. Hebu fikirini tungefanya hivyo katika chama chetu hiki. Waanzilishi kumi kila mmoja anapiga kura tatu, na ninyi wote mliopata diploma baada ya 2015 mnapewa kura mbili kwa jumla. Mngekaa? Nadhani mkutano ungevunjika kabla ya soda kufunguliwa.

Kura hizo si hesabu ya karatasi tu. Mwaka 2020, Agustín Pichot wa Argentina aligombea uenyekiti akiahidi kufungulia mlango nchi ndogo. Alishindwa, 28 kwa 23. Novemba 2024 Abdelatif Benazzi, mtoto wa Oujda huko Moroko aliyekuja kuwa nahodha wa Ufaransa, aligombea. Alishindwa na Brett Robinson wa Australia, 27 kwa 25. Angalieni tofauti ile: kura mbili. Mjumbe mmoja mwenye kura mbili angegeuka, hesabu nayo ingegeuka. Sisemi Benazzi angeleta pepo duniani. Nasema kwamba mizani halisi ya raga ilitikisika siku ile ndani ya chumba, bila mpira, na kwenye nganda yetu hakuna aliyeizungumzia.

Sasa tuje kwenye yale yanayokuja. Oktoba 2023, pale Paris, Kombe la Dunia likiwa halijaisha, Baraza lilipitisha mambo mawili. La kwanza lilitufurahisha: Kombe la 2027 kule Australia litakuwa na nchi 24 badala ya 20. La pili halikusikika sana: mashindano mapya ya kila miaka miwili, kuanzia Julai 2026, ya ekipe 12. Sita ni zile za Ulaya (Uingereza, Ufaransa, Ireland, Italia, Scotland, Wales), nne ni za kusini (Afrika Kusini, New Zealand, Australia, Argentina), halafu Japani na Fiji. Ngazi ya pili ipo kwa nchi nyingine, lakini kupanda na kushuka hakutaanza kabla ya 2030.

Tafsiri yake kwa lugha ya kwetu ni hii. Hawa 12 wamefunga lango la shamba, na ufunguo utatolewa mfukoni 2030, kama watakuwa bado wanakumbuka waliuweka wapi. Zimbabwe ilifuzu kwa Kombe la 2027 kwa kuipiga Namibia 30 kwa 28, Julai 2025, hapo jirani Kampala. Imerudi baada ya kukosa tangu 1991. Imepangwa kundi moja na Uingereza, Wales na Tonga. Tuseme muujiza utokee, iifunge Wales. Je, mwaka unaofuata itachukua nafasi ya Wales kwenye yale mashindano ya 12? Hapana. Wales itarudi kwenye kiti chake, na Zimbabwe itarudi Harare na picha nzuri kwenye simu. Georgia inajua uchungu huo: mwaka 2022 iliipiga Italia, ikaipiga Wales mjini kwao Cardiff, na bado iko nje ya lango.

Mtu ataniambia: Argentina iliingia. Ndiyo, na ilimaliza ya tatu duniani mwaka 2007, ikasubiri mpaka 2012 ili ikaribishwe kwenye mashindano ya kusini. Japani? Iliwaangusha Springboks 34 kwa 32 mwaka 2015, ikaandaa Kombe la 2019, ikafika robo fainali. Lakini Japani ina kitu cha pili ambacho Georgia na Zimbabwe hawana: soko. Ina makampuni makubwa yenye ekipe zao, na televisheni zinazolipa. Pesa ndiyo upepo wa mchezo huu sasa. Mfuko wa uwekezaji CVC ulinunua sehemu ya Six Nations mwaka 2021, Silver Lake ikaingia kwenye raga ya New Zealand mwaka 2022. Kombe la 2031 linapelekwa Marekani, nchi ambayo haijawahi kutisha mtu uwanjani. Na Afrika Kusini wenyewe, mabingwa wetu, tangu 2021 ekipe zao kubwa zinacheza ligi ya Ulaya. Sikilizeni vizuri: hawakuileta Ulaya kwetu, wao ndio walioenda kuketi kule. Siwalaumu, wana bili za kulipa. Lakini tusiite hiyo ushindi wa bara.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu, siwezi kuikimbia. Ni ile 96 kwa 0. Watu wanasema: ukifungua mlango kwa nchi dhaifu, unaua mchezo. Mtazamaji anazima televisheni, na wachezaji wanaumia bure. Nilifikiri sana juu ya hilo, na jibu nililipata nyumbani, katika kidonda cha zamani. Mwaka 1974 bara zima la Afrika lilikuwa na kiti kimoja kwenye Kombe la Dunia la futiboli, na tulikikalia sisi, Zaire. Yugoslavia ikatupiga 9 kwa 0. Baba zetu hawapendi kuikumbuka. Kwa mantiki ile ya raga, kiti kile kingeondolewa. Kilichotokea ni kinyume. Mwaka 2026 Afrika ina viti 9 vya moja kwa moja. Tuliwapiga nani ili tupate hivyo? Hatukuvipata uwanjani. Afrika ilisusia Kombe la 1966, ikapewa kiti chake cha uhakika 1970. Mwaka ule ule wa 1974, kura za Afrika zilimsaidia João Havelange kumwondoa Mwingereza Stanley Rous. Kule FIFA kila nchi ina kura moja, ndogo ao kubwa. Kwanza ilikuja kura, kisha viti, kisha mechi ngumu nyingi, na mwishoni nguvu. Raga inatuambia tuanze na nguvu, halafu tutapewa kiti. Mimi ni mtu wa agronomia. Sijawahi kuona mkulima anayeambiwa avune kwanza ndipo apewe shamba.

Na kwa kuwa nimetaja shamba, niseme linaloniuma zaidi.

Mnajua habari ya kakao yetu. Inapandwa Mambasa, inapandwa Irumu, watu wanahatarisha maisha ili waivune katikati ya vita. Halafu sehemu yake inavuka mpaka kwa njia za panya, na kwenye vitabu vya dunia inahesabiwa kama kakao ya Uganda. Jasho ni la hapa, jina ni la kule. Raga inafanya hivyo kwa watu. Yannick Nyanga alizaliwa Kinshasa 1983, akavaa jezi ya Ufaransa. Madosh Tambwe alizaliwa Kinshasa, akakulia Afrika Kusini, akacheza kule kisha Bordeaux. Vincent Tshituka, mzaliwa wa Kinshasa 1998, mwaka 2025 amekuwa Springbok kamili. Yule Tendai Mtawarira waliyemwita Beast, bingwa wa dunia 2019 na Afrika Kusini, ni mtoto wa Harare. Siwalaumu hata kidogo. Wazazi wao walitafuta maisha, nao wakapokea malezi pale walipofika. Lakini tukipiga makofi kwa “Afrika”, tujue tunapigia pia mashine inayochukua mbegu bora ya nchi dhaifu na kuiandika jina la nchi yenye nguvu, hata ndani ya Afrika yenyewe.

Nina mtoto wa shangazi yangu. Familia yao ilitoka Djugu mwanzoni mwa 2018, wakati ule wa moto, wakavuka Ziwa Albert kwa mtumbwi pamoja na maelfu ya wengine, wakafika Uganda. Alikuwa mtoto mdogo. Leo ana mwili wa kijana anayebeba magunia mawili, na shuleni kwake kule wamemfundisha raga. Mwalimu anasema ana kipaji. Mwezi uliopita aliniandikia: “Yaya, nikiwa mzuri kabisa, nitachezea nani?”

Swali lake nililichukulia kwa uzito, nikasoma sheria. Tangu mwisho wa 2021, mchezaji anaweza kuchezea nchi aliyokaa miezi 60 mfululizo, zamani ilikuwa 36. Yeye alimaliza miezi yake 60 mwaka 2023. Kwa hiyo Uganda wanaweza kumchukua kesho. Iko sheria nyingine, nzuri, ya 2022: mchezaji aliyekwisha kuchezea nchi moja anaweza, baada ya miezi 36 bila mechi ya taifa, kuhamia mara moja tu kwenye nchi alikozaliwa yeye, wazazi ao babu na bibi zake. Tonga na Samoa zimefaidika nayo sana. Kwa karatasi, hata Tshituka angeweza siku moja kurudi Kongo. Lakini arudi wapi? Kwenye uwanja gani, ligi gani, mechi gani? Mlango wa kurudi upo, nyumba ndiyo haipo. Na hapo siwezi kuwalaumu World Rugby peke yao. Hapa Bunia mimi sijaona hata nguzo moja ya raga, na hakuna Mwingereza aliyekuja kuing'oa.

Basi mizani itaelekea wapi? Nitasema ninavyoona, mnisahihishe. Uwanjani, Afrika Kusini, New Zealand, Ufaransa, Ireland na Uingereza wataendelea kupokezana, Argentina ikiwa nyuma yao kidogo. Lile neno la “kaskazini dhidi ya kusini” litakufa, kwa sababu wote 12 sasa wana biashara moja. Nguvu ya kweli itaenda kwa wenye ligi tajiri, yaani Ufaransa na Japani, na kwa yeyote atakayewafundisha Wamarekani kupenda mchezo kabla ya 2031. Mpaka mpya hautakuwa wa kaskazini na kusini, utakuwa wa ndani na nje.

Kwa Afrika, mimi sitaangalia idadi ya makombe ya Springboks. Nitaangalia vitu vitatu. Kwanza, je, lango litafunguliwa kweli 2030, ao watapata sababu ya kusogeza? Pili, je, Afrika Kusini itatumia kura zake tatu kuombea wadogo zake, ao itabaki kuwa mtoto wa tajiri anayekula peke yake kwenye meza ya wageni? Tatu, mashindano ya Afrika yanachezwa wapi. Hapa kuna habari njema: 2022 ilikuwa Ufaransa, lakini 2024 na 2025 ilikuwa Kampala. Mtoto wa shangazi yangu angeweza kwenda kwa basi. Kitu hicho ni kidogo, lakini kwangu kina uzito kuliko 43 kwa 10.

Rafiki yangu wa sheria, hii ndiyo hoja yangu. Makofi yako hayakukosea mtu, yalikosea anwani. Tuwapigie Springboks, wanastahili. Lakini tukimaliza, tuulize nani anahesabu kura, nani anahesabu mavuno, na jina gani linaandikwa kwenye gunia. Ukizoea kuuliza hivyo kwenye raga, utauliza pia kwenye kakao, kwenye dhahabu ya Mongbwalu, na hata kwenye mkutano wetu mkuu ujao.

Yule kijana nilimjibu hivi: “Mdogo wangu, cheza. Wakikuita Uganda, nenda, usione haya, maana ndiyo iliyokupokea. Ila jifunze pia kufundisha, na sheria zote za mchezo uzijue. Siku amani ikirudi Djugu, utatuletea mpira mmoja, na sisi tutatafuta nguzo.”

Alinijibu kwa neno moja: “Sawa.” Sasa nguzo ni deni langu. Kati yenu nani ana miti ya mikaratusi?